Amri Isiyo na Saini

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ambayo Watanzania waliitwa kumchagua Rais, wabunge na madiwani wao, intaneti ilikatika katika nchi nzima, ikakaa katika hali hiyo kwa takriban siku tano. Na iliporejea, neno lililowafikia watu wengi katika simu zao halikuwa maelezo ya nani aliyeikata, kwa sheria ipi na kwa haja gani, bali lilikuwa ujumbe wa polisi wa kuwaonya wasisambaze picha za kuleta taharuki. Katika siku hizo Mwanza, kama Dar es Salaam, Arusha na Mbeya, ilipita katika ghasia na misiba ambayo simulizi zake hazijaisha mpaka leo. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa. Na Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa mjini Dodoma tarehe 3 Novemba, ilhali raia wa kawaida, akaaye Mabatini au Buhongwa hapa Mwanza, alikuwa akihangaika kutafuta habari za nduguye wa Ubungo, Dar es Salaam, asijue kama yu hai.

Naandika haya bila ya chuki kwa mtu yeyote. Nakiri kwamba dola ina wajibu wa kulinda roho na mali za watu, na kwamba wajibu huo mara nyingine huilazimisha kutumia nguvu ambazo siku ya amani zingehesabiwa kuwa dhuluma. Sina ugomvi na kanuni hiyo, kwani hakuna umma uliopata kuishi pasi na mlinzi. Ugomvi wangu ni na amri iliyowahusu watu zaidi ya milioni sitini, nami sikuiona kuchapishwa mahali popote, wala sikusikia ikitajwa saini yake, kifungu chake cha sheria au siku ya kukoma kwake. Amri ya namna hiyo, hata kama nia ya aliyeitoa ilikuwa njema kuliko nia zote, haistahili kuitwa sheria, maana sheria ni neno lenye mwenyewe, na mwenyewe huyo sharti awe mtu awezaye kuitwa mbele ya jaji akaulizwa.

Pengine msomaji atasema kuwa mitambo nayo huharibika. Tunazijua hitilafu za mitambo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipata hitilafu, intaneti ikadhoofika kwetu na katika nchi jirani, na waziri aliyeshika wizara ya habari wakati huo, Nape Nnauye, hakukawia kuwatangazia wananchi kwamba ubovu uko katika mkongo wa baharini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waya ulipokatika chini ya bahari, ambako jicho la mtu halifiki, wananchi walipewa sababu. Ulipokatwa kwa mkono wa binadamu katika nchi kavu, hawakupewa. Kadhalika jioni ya siku ile ya uchaguzi Mkuu wa Jeshi la Polisi, Camillus Wambura, alitangaza marufuku ya kutembea usiku katika Dar es Salaam, na kila aliyeisikia marufuku ile, awe ameikubali au ameilaumu, alijua imetoka kinywani mwa nani, inaanza saa ngapi na inawahusu watu gani. Kwa nini basi amri ya kumkataza mtu asitoke nyumbani mwake ipewe mtangazaji, na amri ya kulikataza neno lake lisitoke nyumbani mwake ikose?

Wako wanaodhani kwamba intaneti ni anasa ya vijana wa mjini, kitu cha kucheza na kupigia soga, ambacho kikiondolewa kwa siku chache hakuna atakayelala njaa. Dhana hiyo haimo katika fikra za mtu aliyezoea kufika alfajiri katika soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, ambako dagaa wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine hushushwa kwa magunia, na wanunuzi hutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Zamani mfanyabiashara wa Kongo alisafiri na fedha zake kiunoni, akalala njiani kwa khofu, akafika Mwanza akaupima mzigo kwa macho yake. Leo mwenziwe aliyeko hapa humpigia picha magunia, bei hujadiliwa na kukubaliwa kwa maandishi na sauti zirushwazo kwa WhatsApp, fedha hupelekwa, na gari huondoka kabla mnunuzi hajaamka. Biashara hiyo imejengwa juu ya uaminifu wa watu wasioonana, na uaminifu huo unaishi katika mtandao. Ukiukata, hukumnyima mtu mazungumzo tu, umemtenga na mteja wake, umemwachia mzigo unaopoteza thamani kila jua linapochwa, na umempa mnunuzi wa mbali sababu ya kutafuta soko katika nchi nyingine.

Sangara ana habari nzito zaidi. Viwanda vya minofu vya Mwanza huuza samaki wake Ulaya na kwingineko, na tangu mwaka 1999, Jumuiya ya Ulaya ilipouzuia kwa muda mnofu wa Ziwa Victoria kwa khofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, biashara hiyo husimama juu ya hati: hati ya afya, hati ya asili ya samaki, hati za forodha, barua baina ya muuzaji na mnunuzi, na nyingi katika hati hizo siku hizi huandikwa na kupelekwa kwa mtandao. Nyuma ya kila tani ya mnofu wapo wavuvi, wabeba mizigo, wakata barafu, mama lishe na madereva, ambao hawajapata kuandika barua pepe maishani mwao, na ambao riziki yao, pasipo wao kujua, hupita katika waya huo.

Lipo pia jambo la hali ya hewa. Miezi ya Oktoba na Novemba ni miezi ya mvua za vuli, na Ziwa letu, ambalo mgeni hulitazama kutoka Capri Point akaliona limetulia kama bwawa, hupatwa na radi na tufani za usiku zinazogeuza mitumbwi kabla mtu hajapata kuomba dua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kwa wavuvi, na utabiri huo hupita katika redio, kisha husambazwa katika simu, mwenye taarifa huko Ilemela akimtumia mwenziwe aliyeko kisiwani, naye akawapa wengine. Redio haikuzimwa, nami naishukuru redio. Walakini mvuvi aliyezoea kuuliza na kujibiwa hawezi kuiuliza redio swali. Wala sidai kuwa kila huduma ilisimama, kwa kuwa malipo mengi ya simu yanayopitia namba za nyota na reli hayahitaji intaneti. Nadai tu kwamba aliyetoa amri ile, akiwa yuko mbali na Ziwa, hakuweza kujua ni kamba zipi za maisha ya watu alizokuwa akizikata pamoja na ile aliyoikusudia, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kumtaka mtu huyo aandike jina lake.

Hoja ya upande wa pili naijua, na nitakuwa dhalimu nikiipita mbio. Inasemwa kwamba wapo watu, baadhi yao wakiwa ng'ambo, wanaotumia mitandao kuwachochea vijana wachome moto vituo na maofisi, na kwamba serikali inayongoja mpaka moto uwake ndipo itafute maji imekwisha kushindwa. Sisi watu wa kandokando ya Ziwa hatuna haki ya kujibu kuwa maneno hayaui. Mwaka 1994 mto Kagera, unaoshuka kutoka milima ya Rwanda na Burundi na kupita mpakani mwa nchi yetu kabla ya kuingia Ziwani, ulileta maiti kwa maelfu, na watu wa ukanda huo walipatwa na khofu hata ya kula samaki. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalichochewa na redio iliyoitwa RTLM, iliyokuwa ikitaja watu kwa majina yao na mahali walipojificha, na wauaji wakafuata. Anayesema kwamba uhuru wa kunena hauna mpaka, namwomba akumbuke mto huo.

Lakini na tutazame jinsi haki ilivyotendeka baadaye, tena hapa hapa nchini kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwezi Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Iliwahukumu mmoja mmoja, kwa jina, kwa maneno yaliyothibitishwa kuwa yao, nao wakapata mawakili na haki ya kukata rufani. Somo la Kagera ni kwamba neno liuwalo lina msemaji, na kwamba msemaji huyo anaweza kutafutwa, kunyamazishwa na kuhukumiwa. Halikuwa somo la kwamba umma mzima ufungwe kinywa. Wale waliokuwa wakiwindwa katika mabonde ya Rwanda, laiti wangaliweza kuionyesha dunia kwa saa ileile yaliyokuwa yakiwapata, nani leo angethubutu kusema ilikuwa afadhali wasiwe na njia hiyo? Ofisa wa uvuvi akimkamata mtu anavua kwa kokoro, hulichoma kokoro lile. Hazuii mitumbwi yote ya Ziwa isiingie majini.

Tena uvumi haukuzaliwa na intaneti. Katika Usukuma wetu vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe wa miaka mingi jikoni, na uvumi ukasema ni uchawi; na tangu mwaka 2007 tulianza kusikia habari za kutisha za watu wenye ualbino waliokatwa viungo katika mikoa hii ya Ziwa kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Uvumi huo ulitembea kwa miguu, katika vilabu vya pombe na migodi midogo ya dhahabu, pahala ambapo hapakuwa na mtandao wala gazeti. Uliopunguza maafa yale, kwa kadiri yalivyopungua, ni wingi wa maneno ya kweli: waandishi waliokwenda vijijini, vyama vya watu wenye ualbino vilivyosimama na kusema, mahakama zilizosikiliza kesi mbele ya watu. Uvumi hustawi pale mtu anapokosa pa kuuliza.

Ndivyo ilivyokuwa katika siku zile tano. Kila aliyesikia mlio wa risasi alisikia mlio mmoja, na aliyesimuliwa akasikia mitano. Idadi za waliofariki zikawa zinapishana kwa mamia na hata kwa maelfu, kila mtu akiamini ile iliyolingana na huzuni yake au na chama chake. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipotoa taarifa mwezi Novemba 2025, ilieleza habari za mamia waliouawa, ikaongeza kwamba haikuweza kuzithibitisha idadi kwa uhuru kwa sababu ya hali ya usalama na kwa sababu ya kuzimwa kwa intaneti. Neno hilo la mwisho linastahili kusomwa tena na kila mtu anayeitakia serikali yetu mema, kwa sababu maana yake ni kwamba kama idadi zilizotajwa ni za uongo, serikali ilijinyima yenyewe ushahidi wa kuzikanusha. Na kama ni za kweli, basi mama aliyepotelewa na mwanawe Kirumba au Igoma alinyimwa saa zile za mwanzo ambazo kumtafuta kulikuwa bado kuna faida.

Watu wa mkoa huu hawakuanza jana kuambiwa wanyamaze kwa ajili ya amani. TANU ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, serikali ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuweka Sheria ya Vyama iliyomlazimu kila mwenye chama kukiandikisha, na kwa sheria hiyo chama kilikataliwa katika Usukuma tangu mwaka huo huo, marufuku yakadumu mpaka 1958. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na utulivu wa nchi. Wakulima wa pamba, waliokuwa na umoja wao chini ya Paul Bomani, uliokua mwaka 1955 ukawa Victoria Federation of Co-operative Unions, waliendelea kukutana kwa mambo ya pamba, na mambo ya siasa yakabaki yanatafuna ndani kwa ndani pasipo jukwaa la kusemewa. Ndipo mwaka 1958, serikali ilipotaka kuwaweka watu wa Geita chini ya baraza la mseto la watu wa rangi mbalimbali wasilolitaka, maelfu waliondoka kwao wakatembea mpaka Mwanza, wakakaa hapa wakidai kusikilizwa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Miaka minne ya kufunga midomo haikuleta utulivu uliokusudiwa. Ilichelewesha tu siku ya kudhihirika kwa uchungu, na siku ile ilipofika, aliyetawala hakuwa na chama cha kuzungumza nacho, ila umati.

Na hapa ndipo penye neno ambalo limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Mkoloni yule, aliyetutawala pasipo ridhaa yetu, aliacha karatasi. Katazo lake lilikuwa na sheria yenye jina na mwaka, na ofisa aliyeitekeleza. Kwa hiyo viongozi wa TANU waliweza kuliandikia barua, kulilalamikia mbele ya Umoja wa Mataifa na kulishinda kwa hoja. Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa mwaka 1958 kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowalaumu mabwana wilaya, akiwamo wa Musoma katika Ziwa hili hili, alisimama mbele ya hakimu Dar es Salaam, akayasikia mashtaka, akajitetea, akatozwa faini ya shilingi 3,000, na kila kitu kikaandikwa. Sipendi kuamini kwamba Jamhuri huru, yenye Katiba iliyotungwa na wananchi wake, iwaachie watu wake karatasi chache kuliko alizowaachia gavana wa malkia wa kigeni.

Maana Katiba tunayo. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo, haki ya kutafuta na kupokea habari, uhuru wa kuwasiliana na kutoingiliwa katika mawasiliano yake, na haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio yenye uzito katika maisha yake. Wakati wote: siyo wakati wa utulivu peke yake. Ibara ya 30 inakubali kwamba haki hizo zinaweza kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, na ulinzi wa nchi umetajwa humo, lakini mipaka hiyo inatakiwa itokane na sheria. Nayo ibara ya 32 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, lakini akishatangaza hupeleka nakala kwa Spika, na Bunge huitishwa ndani ya siku zisizozidi kumi na nne ili liridhie kwa theluthi mbili ya wabunge wote au likatae. Waliotunga ibara hiyo hawakuwa wajinga wa khatari za dunia. Walijua vita, walijua maasi ya jeshi ya Januari 1964, na bado walitaka nguvu kubwa zitumike mchana kweupe mbele ya wawakilishi wa watu. Hali ya hatari haikutangazwa mwezi Oktoba 2025. Ilichukuliwa nguvu inayolingana na ya hali ya hatari, kwa njia ambayo haikupita katika mlango wake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa Mamlaka ya Mawasiliano uwezo mpana juu ya leseni na masharti ya kampuni za simu, na kampuni isiyotii yaweza kupoteza leseni yake, kwa hiyo hutii na kukaa kimya. Lakini uwezo wa kusimamia leseni ni jambo moja, na uwezo wa kuitenga nchi na dunia ni jambo jingine, na hili la pili silioni likitajwa kwa lugha iliyo wazi katika sheria hiyo.

Kwamba saini si jambo dogo, limethibitishwa na wenzetu wa kusini. Mwezi Januari 2019 serikali ya Zimbabwe ilizima intaneti wakati wa maandamano ya kupinga kupanda kwa bei ya mafuta, na kampuni ya Econet, badala ya kujificha, ikawaeleza wateja wake kuwa imepewa amri na serikali. Kwa kuwa amri ilijulikana, wananchi walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 21 Januari Jaji Owen Tagu akaamua kwamba waziri aliyeitoa hakuwa na mamlaka ya kuitoa chini ya sheria aliyoitegemea. Kesi nzima ilisimama juu ya swali la nani aliyetia saini na kama mkono wake ulikuwa na haki ya kutia. Huko India nako, Anuradha Bhasin, mhariri wa Kashmir Times, alipopinga kufungwa kwa mawasiliano ya Kashmir kulikoanza Agosti 2019, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Januari 2020 kwamba amri za namna hiyo lazima zichapishwe ili aliyedhurika aweze kuzipinga, zilingane na khatari yenyewe, na zisiwe za muda usio na mwisho. Na mwaka huo huo wa 2020 mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi iliilaumu Togo kwa sababu ilizima mtandao pasipo sheria ya kuisimamia.

Uganda, tunayoshirikiana nayo maji haya, ilizima mtandao katika uchaguzi wa Januari 2021, na tena tarehe 13 Januari 2026, siku mbili kabla ya kura, baada ya maofisa kuwahakikishia watu siku chache nyuma kwamba habari za mtandao kuzimwa ni za uongo. Hata hivyo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliandika barua, na barua ile watu waliisoma.

Kwetu mambo yamekwenda yakirudi nyuma. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu zisimamishe ujumbe wa jumla kuanzia tarehe 24 Oktoba mpaka 11 Novemba; lilikuwa jambo la kulaumika, lakini lilikuwa na barua na tarehe zake mbili. Katika uchaguzi huo huo Twitter na WhatsApp zilizibwa bila ya maelezo ya maana. Mwaka 2023 tukaambiwa kwamba anayetumia VPN ajiandikishe. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, mwezi Septemba tovuti ya JamiiForums ikafungiwa kwa siku 90, na mwezi Oktoba ikazimwa intaneti yote. Nikiipanga miaka hii mitano naona hatua hizi zikizidi kupanuka, na nachelea kwamba kizazi cha vijana wa SAUT na wa vyuo vingine vya hapa Mwanza kitakua kikidhani kwamba uchaguzi na giza ni mapacha, kama vile sisi tulivyokua tukidhani kwamba uchaguzi na wino wa kidoleni ni mapacha.

Mwezi Januari 2026 Rais, alipozungumza na mabalozi, aliwapa pole wao na wageni wakaao nchini kwa wasiwasi na kukosekana kwa huduma na intaneti katika siku zile. Lilikuwa neno la kiungwana, nami nalipokea kwa taadhima, kwa kuwa mkubwa anayetoa pole amekwisha kukiri kwamba pana aliyeumia. Lakini mwenye mzigo wa dagaa uliooza, na mgonjwa wa hospitali ya Bugando ambaye ndugu zake walioko nje walishindwa kuzungumza naye, na mzazi aliyemtafuta mwanawe kwa siku nne, wao nao ni wa nchi hii, na pole yao wanaidai kwa namna nyingine: wanadai kuonyeshwa ile amri. Iko wapi? Iliandikwa siku gani? Iliidhinishwa na ofisi ipi? Maswali haya hayahatarishi usalama wa mtu, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kupita.

Mimi binafsi naona kwamba kuzima intaneti ya nchi nzima kupigwe marufuku kabisa, kama ilivyoelekeza Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu katika Tamko lake la mwaka 2019, na tena katika azimio lake la Machi 2024 juu ya uchaguzi. Bunge likiona haliwezi kufika huko, basi angalau litunge kifungu kimoja kilicho wazi: kwamba hakuna huduma ya mawasiliano itakayokatwa ila kwa amri ya maandishi, iliyotiwa saini na waziri kwa jina lake, ikataja mahali, huduma, sababu na saa ya kukoma, kwamba amri hiyo itachapishwa siku hiyohiyo, na jaji wa Mahakama Kuu ataiangalia ndani ya siku mbili, la sivyo itakufa yenyewe, na kwamba kampuni ya simu itakayowaeleza wateja wake ukweli haitaadhibiwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa utarudi mwaka 2029 na uchaguzi mkuu mwaka 2030, na kifungu hicho kikiletwa wakati kampeni zimekwisha kuanza kitaonekana ni cha chama fulani dhidi ya chama fulani. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kupeleka muswada wake binafsi. Wabunge wa Nyamagana, Ilemela, Ukerewe, Sengerema, Buchosa na Magu, ambao wapiga kura wao waliipata hasara hii mikononi mwao, wana miaka mitatu ya utulivu mbele yao, na wakirudi majimboni nitakwenda katika mikutano yao kuwauliza ni nani kati yao aliyeuandika.